Ordinateri ya Masomo Yetu: Dola 238, Hakuna Deni

Sisi wakubwa wa wanafunzi wa mwaka huu tumeombwa kuandika katika gazeti letu juu ya ordinateri iliyowekwa katika chumba kidogo karibu na biblioteki. Maulizo yamekuwa mengi. Wengine wanasema: «Juu ya nini mulileta masini ya zamani?» Wengine: «Juu ya nini hamukuleta ile ya kubeba mu mukono?» Na wengine wa kalasi yetu wenyewe wanauliza kwa sauti ya chini: «Feza ya karamu yetu ya kuagana ilienda wapi?» Tutajibu maulizo haya yote, moja kisha lingine, na hesabu itakuwa hapa mbele ya macho yenu.

Kwanza tuseme sababu ya kuitafuta. Ninyi wote munajua namna tulivyojifunza informatiki katika masomo haya. Mwalimu alichora klavie kwa choki juu ya ubao, sisi tukaichora katika daftari, na siku ya maulizo tukaandika majina ya vipande vyote. Mmoja wa kalasi yetu alipata 18 juu ya 20. Siku moja alitumwa na baba yake katika sekretaria ya mjini, akaambiwa akae mbele ya masini aandike jina lake. Akatafuta herufi A muda mrefu mpaka watu wakaanza kumwangalia. Ubao wa Mwalimu ulikuwa na klavie ya Kifaransa, ambayo herufi zake za kwanza ni A, Z, E, R, T, Y. Masini ya mjini ilikuwa na klavie ya Kiingereza, inayoanza na Q, W, E, R, T, Y. Kijana yule hakuwa mujinga. Alijua kila kitu ambacho choki inaweza kufundisha. Lakini kuna mambo ambayo vidole tu vinaweza kujifunza, na vidole havijifunze juu ya karatasi.

Sababu ya pili ni gazeti hili munalolisoma. Kila mara tuliandika kwa mukono, kisha tukapeleka mjini wapate kutupigia. Kila toleo lilitula karibu dola 8, mbali na karatasi. Matoleo ine kwa mwaka ni dola 32. Tena makosa yalirudi mengi: majina ya watu yaligeuzwa, na shairi la dada mmoja wa kalasi ya pili lilikatwa mistari miwili. Tulipouliza, tulijibiwa kwamba ukurasa ulikuwa umejaa.

Sasa feza. Sisi wa kalasi ya mwisho tuko wanafunzi 31. Tangu mwanzo wa mwaka kila mtu alitoa dola 5, kidogo kidogo, wengine kwa mafranga ya kila juma. Hiyo ni dola 155. Dada zetu walipika mandazi siku za posho, na kaka zetu wakayauzisha kwenye kiwanja cha mpira. Hapo tulipata dola 43. Komite ya wazazi iliongeza dola 40. Jumla ni dola 238. Feza hii ilikuwa imewekwa kwa karamu ya kuagana: kuku, soda, muziki na picha.

Siku tulipoleta neno la ordinateri katika mkutano wa kalasi, kulikuwa makelele. Ndugu mmoja alisimama akasema: «Sisi tunaenda. Hao batakaobaki njo batacheza na hiyo masini. Sisi tutapata nini? Mama yangu alitoa ile dola tano paka juu ya karamu.» Wapendwa, neno lake halikuwa baya. Alisema kweli. Mama yake anauzisha unga kwenye soko, na dola 5 kwake si mchezo. Tulipiga kura: 19 walikubali ordinateri, 12 walikataa. Bwana Prefe alipoipokea habari hii alisema maneno mawili tu: feza isipite dola 238, na jina la masomo lisiandikwe katika daftari la deni la mtu yeyote. Tukaondoka hapo tukijua kwamba masini ikifa nyuma ya miezi miwili, wale 12 watakuwa na haki ya kutuuliza, na hatutakuwa na jibu.

Juu ya hiyo hatukukimbilia dukani. Tulikaa kwanza tukaandika kazi. Hili ndilo fundisho la kwanza tunalowapa: usiulize bei kabla ya kujua kazi. Mtu anayetaka kutengeneza filimu na mtu anayetaka kuandika barua hawatafuti masini moja. Kazi yetu ilikuwa hizi: kuandika gazeti na kulichapa, kufanya hesabu za mistari na safu kama wanavyojifunza wa sehemu ya biashara, kufundisha vidole, na kusoma vitabu na Wikipedia bila intaneti, kwa njia ya programu ya bure inayoitwa Kiwix, ambayo inaweka kurasa zote ndani ya disiki. Hakuna kazi hapo inayoomba masini ya tajiri. Inaomba masini isiyochelewa, isiyokufa, na inayoweza kutengenezwa hapa Lubumbashi.

Kisha tuliangalia njia tatu.

Njia ya kwanza ni ordinateri mpya ya kubeba, ya bei ya chini. Tuliiona mjini kwa dola 230. Iko nzuri kwa macho, nyepesi, na ina batri yake, jambo kubwa kwetu ambao umeme unakatika kila mara. Lakini ndani yake kulikuwa prosesere Celeron N4020, yenye viini viwili tu, na memwari ya gigabaiti 4 iliyounganishwa na bamba lake kwa risasi ya moto, maana yake hauwezi kuitoa wala kuiongeza. Batri ikichoka, unatafuta batri ya aina ile ile. Klavie ikimwagiwa maji, unafungua masini yote. Na kitu kinachobebwa kwa mukono wa mwenyewe kinabebwa vilevile na mukono wa mwizi.

Njia ya pili ni ordinateri mpya ya mezani. Bei yake ilipita feza yetu mara mbili. Hiyo tuliiacha mara moja, hatukuizungumza tena.

Njia ya tatu ni kisanduku cha ofisi kilichokwisha kutumika. Hapa inafaa kueleza, kwa maana wengi wanafikiri kitu cha zamani ni takataka. Katika Ulaya na Marekani, kampuni na ofisi kubwa zinanunua ordinateri mamia kwa mara moja, aina kama Dell OptiPlex, HP EliteDesk au Lenovo ThinkCentre. Nyuma ya miaka michache wanazibadilisha zote pamoja, hata zile ambazo hazijaharibika, kwa sababu muda wa garanti umekwisha na ofisi haitaki kusumbuka. Basi zinauzishwa kwa wingi, zinaingia katika kontena, na nyingi zinafika kwetu kwa barabara ya Dar es Salaam au Durban, kupitia Kasumbalesa. Visanduku hivi vilitengenezwa ili vitumike siku nzima, kila siku. Vinafunguka bila shida, na kila kipande ndani kinatoka peke yake: memwari, disiki, feni. Kipande kimoja kikifa, unabadilisha kimoja, hautupi vyote.

Tena tuliwaza neno lingine, sisi watoto wa Katanga. Nyuzi za ndani ya visanduku hivi ni shaba. Katika vipande vyake vidogo vingine kuna tantali, inayotoka katika koltani, na koltani nyingi ya dunia inachimbwa upande wa mashariki wa inchi yetu. Madini yanaondoka hapa kwa malori, yanazunguka dunia, yanatumika ofisini mwa watu miaka mitano, kisha yanarudi kwetu yakiwa na bei ya chini. Heri tuyapokee tukijua kusoma kilichoandikwa juu yake.

Na kusoma ndiyo kazi yenyewe. Tulikuwa na bahati: ndugu mmoja aliyesoma hapa zamani anatengeneza ordinateri mjini. Tulimwendea jioni mbili. Tulimwita Yaya, naye alituambia hivi: «Badogo yangu, musiangalie kibandiko ya inje. Kibandiko ni karatasi. Mufungule, muangalie mu ndani. Mwenye kukatala kufungula, mumuache na masini yake.»

Akatufundisha kusoma nambari ya prosesere. Wengi wanasema tu «i5» au «i7», na wanafikiri i7 siku zote inapita i5. Si kweli. Nyuma ya jina kuna nambari, na kwa masini za umri huu tarakimu yake ya kwanza inasema kizazi. Core i5-2400 ni kizazi cha 2, ya mwaka 2011. Core i5-3470 ni kizazi cha 3, ya mwaka 2012. Core i5-4570 ni kizazi cha 4, ya mwaka 2013. Core i5-6500 ni kizazi cha 6, ya mwaka 2015. Core i5-8500 ni kizazi cha 8, ya mwaka 2018. Kijana mwenye nguvu anaweza kumpita mzee aliyekuwa shujaa zamani. Ni vile na masini. Yaya alituambia: kwa kazi yenu, tangu kizazi cha 4 na kupanda, mutakaa salama.

Memwari ni meza ya kazi. Meza ikiwa ndogo, unaweka kitabu kimoja, unaondoa kingine, siku inapita katika kuweka na kuondoa. Gigabaiti 4 ni kidogo siku hizi, 8 inatosha kwa kazi yetu. Lakini angalieni aina yake. Masini za mpaka kizazi cha 4 zinatumia DDR3. Tangu kizazi cha 6 nyingi zinatumia DDR4. Pengo la katikati ya meno haliko mahali pamoja, kwa hiyo moja haiingii katika nafasi ya nyingine. Mtu akilazimisha kwa nguvu atavunja.

Disiki ni kabati ya kuwekea. Disiki ya zamani ina sahani inayozunguka na sindano inayosoma, karibu kama gramofoni ya babu zetu. Ile ya mpya inaitwa SSD. Haina kitu chochote kinachozunguka, na kwa hiyo haiogopi sana kutikiswa wala haichelewi. Hapa ndipo dola chache zinaleta tofauti kubwa kupita pengine pote. Masini ya miaka kumi yenye SSD inawaka na kufungua kazi kabla masini mpya kidogo yenye disiki ya kuzunguka haijamaliza kuamka. Tuliweka alama mbili chini ya neno SSD katika karatasi yetu.

Siku ya kununua tulikwenda watatu pamoja na Mwalimu wa informatiki: sisi wakubwa wa wanafunzi wawili na dada yetu mweka feza. Tulichukua bisibisi moja, tochi, karatasi yetu ya maulizo, na kle USB ambayo Yaya alikuwa ameweka ndani yake Linux Mint, programu ya bure inayoweza kuamsha masini bila kugusa disiki yake.

Katika duka la kwanza walituonyesha kisanduku kinachong'aa, na kibandiko cha i7, dola 100. Mwenye duka alitukaribisha vizuri: «Banamasomo, hii ni ya nguvu sana, batu banaikimbilia.» Tuliomba iwashwe. Mwalimu alibonyeza kitufe cha kuingia katika BIOS, maana yake ule ukurasa wa kwanza ambamo masini yenyewe inajitaja jina. Iliandika Core 2 Duo. Hiyo ni ya kabla ya jina i7 kuzaliwa. Tulimwonyesha kwa heshima. Akasema: «Papa Mwalimu, ile ni kitu moja tu.» Dada yetu mweka feza akafunga mkoba wake, tukashukuru, tukatoka. Hakuna aliyegombana. Katika soko, miguu ndiyo jibu zuri.

Duka la pili na la tatu zilikuwa na bei nguvu. Katika la ine tulipata HP EliteDesk 800 G2, prosesere Core i5-6500 yenye viini vine, memwari gigabaiti 8 ya DDR4, na disiki ya kuzunguka ya gigabaiti 500. Bei: dola 150. Tuliomba ifunguliwe, mwenye duka akakubali bila kununa. Tukaangalia kwa tochi mambo haya, nanyi muyaandike:

Moja, vile vipipa vidogo juu ya bamba: vikivimba kichwani, bamba linakaribia kufa. Vyake vilikuwa bapa. Mbili, harufu ya kuungua: hakuna. Tatu, BIOS: ilitaja i5-6500 na 8 sawasawa na maneno ya mwuzishaji. Ine, saa ya ndani: ilikuwa imerudi nyuma miaka mingi. Hapo mwenye duka alishituka, lakini Mwalimu alicheka. Saa ikipotea, mara nyingi ni batri ndogo kama sarafu, aina ya CR2032, imekwisha. Inapatikana kwa dola moja. Tano, tuliiacha iwake nusu saa na kle yetu, filimu ikicheza, ili tuone kama itazimika kwa moto. Haikuzimika. Sita, tulisikiliza disiki: ilikuwa inagonga kidogo, tok, tok. Disiki inayogonga ni mgonjwa.

Hapo ndipo bei ilishuka. Dada yetu alisema: «Papa, disiki hii inagonga, na batri imekufa. Sisi tutanunua disiki ingine na batri ingine.» Walizungumza muda mrefu kuliko mazungumzo yote ya kalasi. Mwisho dola 115, na juma mbili za kurudisha kama itaharibika, zimeandikwa juu ya karatasi na sahihi yake. Karatasi ile ina bei kupita dola tano za kupunguza. Neno la mdomo linakwenda na upepo.

Hesabu yote ni hii. Kisanduku: dola 115. Ekrani iliyotumika, ya inchi 19: dola 30. SSD mpya ya gigabaiti 240: dola 22. Klavie ya Kifaransa pamoja na suri: dola 8. Ondileri ya kulinda umeme: dola 45. Basi ya kwenda na taksi ya kurudi: dola 6. Batri ya saa: dola 1. Jumla dola 227. Zilibaki dola 11, na ziko katika bahasha kwa Bwana Prefe, zimeandikwa «Matengenezo». Deni hakuna.

Wengine walisema ondileri ni kupoteza feza. Tunajibu kwa fizika. Tuchukue kisanduku kinakula wati 60, na ekrani wati 20, jumla 80. Ondileri ndogo kama yetu ina batri ya volti 12 na ampere-saa 7, yaani 12 mara 7, wati-saa 84. Kwa hesabu ya karatasi ni saa moja, lakini katika kazi ya kweli inapungua sana, na sisi tunapata dakika chache. Si kitu. Ondileri haikununuliwa ili tutumike gizani. Imenunuliwa ili umeme ukikatika tuandikishe kazi yetu na kuizima masini kwa utaratibu, na umeme ukirudi kwa kishindo usiipige moja kwa moja. Siku moja tukipata paneli ya jua na batri kubwa ya volti 12 na ampere-saa 100, hesabu itakuwa 1200. Tukitumia nusu tu ili batri isife mapema, 600. Tugawe kwa 80: saa 7 na nusu, kasoro kidogo inayopotea njiani. Wa kalasi ya tatu, mujaribu kuihakikisha wenyewe.

Na onyo moja: visanduku vingine vinavyotoka Marekani vina kidude chekundu nyuma, kinachoandikwa 115 na 230. Hapa kwetu umeme ni volti 220. Kikiwa juu ya 115 na ukichomeka, utasikia mlio mmoja na moshi, na feza imekwenda. Angalieni nyuma kabla ya kuchomeka mbele.

Sasa programu. Duka lilitaka kutuwekea Windows ya kunakiliwa, «ya bule». Tulikataa kwa sababu mbili. Kwanza si yao ya kutoa, na nakala kama hizo mara nyingi zinaingia na virusi ndani. Pili, Microsoft iliacha msaada wake wa kawaida kwa Windows 10 tarehe 14 Oktoba 2025, na Windows 11 kwa sheria yake inaomba prosesere za Intel tangu kizazi cha 8. Yetu ni ya 6. Kwa hiyo tuliweka Linux Mint. Msingi wake, Linux, ulianzishwa mwaka 1991 na Linus Torvalds, aliyekuwa wakati ule mwanafunzi tu katika Helsinki, inchi ya Finland. Ni bure kwa haki, hauibi kwa mtu. Kwa kuandika tuna LibreOffice, ambayo inafungua na kuandika hata makaratasi ya Word. Kuna wanaosema: «Ku ofisi batatuuliza Word.» Ni kweli. Lakini aliyejifunza baiskeli ya mtu mmoja hashindwi na ya mwingine; atatikisika kidogo, kisha ataenda.

Sasa turudi kwa neno zito: ordinateri moja, na wanafunzi 360. Je, inatosha? Tulipanga hivi. Chumba kinafunguliwa saa 6 kwa siku, siku 5 kwa juma: saa 30. Kila kikundi ni watu watatu, nusu saa. Hiyo ni vikundi 60, watu 180 kwa juma. Basi kila mwanafunzi anafikia klavie kila juma la pili. Ni kidogo, lakini ni kidogo cha kweli. Orodha imebandikwa mlangoni, na jina la mtoto wa mwalimu liko katika mstari wake kama majina mengine. Mtu akikosa zamu yake bila kusema, anangoja zamu ingine. Chakula, maji na mikono ya vumbi vinabaki inje. Feni inafunguliwa na kupanguswa kila mwisho wa mwezi, na kila mara wanafunzi wawili wa kalasi za chini wanaangalia, ili ujuzi huu usiondoke pamoja nasi.

Juu ya karamu, itakuwako. Itakuwa chai na mandazi, na muziki wa koo zetu. Wale 12 waliokataa hatukuwageuza adui. Yule ndugu aliyesimama siku ile bado anasema kwamba kuku ingekuwa nzuri, na sisi tunakubali kwamba kuku ingekuwa nzuri. Lakini ndiye aliyepiga kurasa tatu za toleo hili, na vidole vyake havitafuti tena herufi A. Mama yake alipita kwenye masomo siku ya wazazi, akaketi dakika chache mbele ya ekrani, akaomba aone jina lake likiandikwa. Aliliangalia, akasema: «Basi, ile dola tano njo hii.» Hatukujua kama alikuwa anasifu au anauliza. Tunaweka neno lake hapa kama lilivyo, ili ninyi mutakaobaki mujue masini ile imetoka katika mifuko ya nani.

Ninyi wa kalasi za chini, kazi yenu ni ya pili. Dola 32 za matoleo ine kwa mwaka sasa hazitoki tena kwa sekretaria; ziwekeni katika bahasha ya Bwana Prefe. Mukiongeza mandazi ya siku za posho, nyuma ya miaka miwili mutapata kisanduku cha pili, na zamu itakuwa kila juma. Na mutakapokwenda mjini, kumbukeni: kazi kwanza, bei nyuma, nambari, si kibandiko, SSD, mufungue, muangalie, musikilize, na karatasi yenye sahihi. Haba na haba hujaza kibaba, lakini ni lazima mtu alinde kibaba kisitoboke.

Mwenye ulizo aje chumbani siku ya tano saa ya mapumuziko. Mwenye kujua kupita sisi, na waalimu wetu ni wengi, atusahihishe katika toleo linalokuja. Tunawaaga kwa heshima.

Ni sisi, wakubwa wa wanafunzi,
kalasi ya mwisho.